Fungueni Daftari: Barua ya Wazi kwa Mamutawalli na Makamishna wa Wakfu wa Pwani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh zangu, wazee wangu, mamutawalli mliokabidhiwa viwanja, maduka, mashamba ya minazi, makaburi na visima vya wakfu kutoka Vanga hadi Kiunga, nanyi makamishna mliopewa kazi ya kuwaangalia: nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadhara. Ardhi mliyoishika si yenu, si ya serikali, wala si ya warithi wa aliyeitoa. Ilitolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na manufaa yake yakaelekezwa kwa watu. Mimi ni mmoja wa watu hao. Nilisoma Qur'ani katika chuo ambacho mwalimu wake alilipwa kwa kodi ya maduka ya msikiti, na jamaa zangu waliotangulia wamelala katika makaburi ya wakfu. Kwa hiyo siongei kama mtu wa nje anayewachungulia dirishani.

Ombi langu ni moja. Wekeni daftari la wakfu wazi. Kila kiwanja, kila shamba, kila duka liandikwe mahali lilipo na ukubwa wake, nani aliliweka wakfu na kwa sharti gani, nani analipanga leo na kwa kodi ya kiasi gani, na mwaka huu pesa zake zimekwenda wapi. Daftari hilo libandikwe mahali ambapo mama anayeuza mahamri asubuhi anaweza kusimama akasoma, si ndani ya kabati ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja.

Hadithi ya Sayyidna Umar mnaijua kuliko mimi. Alipata ardhi Khaybar, mali ambayo hakuwahi kupata iliyo bora kwake kuliko hiyo, akamwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri. Akaambiwa akipenda aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Umar akaitoa kwa sharti kwamba isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe, na mapato yake yaende kwa mafakiri, jamaa, kukomboa watumwa, njia ya Mwenyezi Mungu, msafiri na mgeni. Anayeisimamia hana lawama akila kwa wema au akimlisha rafiki, madhali hajilimbikizii mali. Abu Daud amepokea kwamba hati yake iliandikwa na Muayqib, akashuhudia Abdullah bin al-Arqam, na usimamizi ukawekwa kwa Hafsa, binti yake Umar. Angalieni mambo yaliyotimia hapo: ardhi imetajwa, masharti yametajwa, wanaostahiki wametajwa, msimamizi ametajwa na mpaka wake umetajwa, tena kwa maandishi na shahidi. Karne 14 zimepita na mwanafunzi wa madrasa kule Lamu anaweza kuwatajia masharti ya ardhi ya Khaybar bila kukosea. Muulizeni mwanafunzi huyo huyo kile kiwanja kilicho nyuma ya msikiti wake mwenyewe kiliwekwa kwa ajili ya nini. Hajui. Mwalimu wake pia hajui, na wakati mwingine hata imamu hajui.

Nimeshayasikia majibu mengi juu ya hili, na linalorudiwa zaidi ni kwamba mambo ya wakfu ni amana, hayatangazwi sokoni, kwani wanyakuzi wakijua kilipo kiwanja watakinyemelea. Nalijibu kwa heshima: wanyakuzi wanajua tayari. Mtu anayetaka kiwanja cha wakfu Mombasa haji kuuliza msikitini. Anakwenda kwenye masjala ya ardhi, analipa ada, anapata alichokitaka, kisha anamtafuta dalali na mzee mmoja aliyechoka wa kutia sahihi. Wasiojua ni wale ambao mali iliwekwa kwa ajili yao. Siri hii inamficha mwenye haki peke yake, na siku kiwanja kinapozungushiwa mabati hakuna jirani anayeweza kusimama na kusema, hiki ni wakfu wa fulani, kwa ajili ya jambo fulani, na jina lake liko pale ukutani.

Pwani tumeshalipa gharama ya ardhi isiyoandikwa. Mwaka 1908 Waingereza walipitisha sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mwenye dai katika ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar alete dai lake mbele ya afisa wa kusajili. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Wenye karatasi, wakili na nauli walipata hati zao. Wamijikenda waliokuwa wakilima bila karatasi, na waliokuwa watumwa wakaachwa huru, wengi wao waliishia kuitwa maskwota mahali walipozaliwa, na kilio hicho hakijanyamaza mpaka leo kutoka Kwale hadi Kilifi. Sasa fikirieni wakfu katika hali hiyo. Mtu alitamka mbele ya mashahidi kwamba shamba lake la minazi ni la msikiti, na kwa sheria ya dini tamko hilo lilitosha. Lakini mbele ya afisa yule lilihitaji mtu wa kwenda kulisemea. Shahidi akishafariki na mutawalli akikaa kimya, kinabaki kisa cha wazee tu, na kisa cha wazee hakizuii tingatinga. Hata leo sheria ya Kenya inampa aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine miaka 12 bila kupingwa njia ya kwenda mahakamani kuidai. Mutawalli ambaye hajui mipaka ya kiwanja chake hataona hata siku miaka hiyo ilipoanza kuhesabiwa.

Nataka nikae kidogo kwenye habari ya wapangaji, kwa sababu ndipo wakfu unapogusa maisha ya kila siku mjini kwetu.

Asiyekuwa wa Mombasa hushangaa akiambiwa kwamba mtu anaweza kumiliki nyumba na asimiliki ardhi iliyo chini yake. Sisi tumezaliwa ndani ya jambo hilo. Majengo yote haya ya nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, yalijengwa hivyo: mwenye ardhi alikata viwanja, mjenzi akajenga kwa udongo na makuti, akawa analipa kodi ya kiwanja kila mwezi na kupewa risiti. Udongo ukawa matofali, makuti yakawa mabati, watoto wakazaliwa na wajukuu wakaoa mle mle, na hakuna karatasi nyingine isipokuwa vile vitabu vya risiti. Baadhi ya wenye ardhi walikuwa watu binafsi. Mahali pengine mwenye ardhi ni wakfu.

Hapo nimeona dhuluma za aina mbili, zinazokwenda pande tofauti. Ya kwanza ni kodi iliyolala. Kiwanja cha wakfu kilichopangishwa enzi za makuti sasa kina ghorofa nne, duka la simu chini na wapangaji juu, na mwenye ghorofa bado analeta msikitini kodi ambayo haifiki bei ya mfuko wa mchele. Muadhini wa msikiti huo huo analipwa kwa kupitisha sahani baada ya Ijumaa. Ya pili ni kinyume chake. Mjane anayeishi katika vyumba viwili vinavyovuja, ambaye mumewe na baba mkwe hawakukosa kulipa, analetewa barua kwamba kodi imepandishwa mara nyingi kwa mpigo mmoja, na kama hawezi avunje nyumba aondoke. Mjane huyu kwa hali yake ni fakiri, mtu ambaye huenda mweka wakfu alimtaja kwa sifa yake katika sharti. Wakfu unamtoza ili kumsaidia nani?

Mwenye ghorofa na mjane hawastahili kutozwa sawa, na hapana mtu mwadilifu atakayebisha. Lakini uadilifu huo hauwezi kufanyika gizani. Pakiwa na daftari linaloonyesha kwamba kiwanja namba fulani, cha ghorofa nne, kinalipa kiasi fulani, na cha jirani yake, cha vyumba viwili, kinalipa kiasi fulani, majamaa wenyewe watasema baada ya sala. Mwenye ghorofa ataona haya. Kama haoni haya, mutawalli atakuwa na mji mzima nyuma yake atakapokwenda kudai, badala ya kwenda peke yake kumkabili mtu mwenye fedha na mawakili.

Liko jambo la zamani ambalo linaniuma zaidi ya kodi. Mombasa na Zanzibar walikuwako mabwana na mabibi walioweka nyumba na mashamba wakfu kwa ajili ya watumwa waliowaacha huru, wao na vizazi vyao, wakae humo au wale mazao yake. Kwa mtu aliyeachwa huru bila ukoo wala shamba, wakfu ule ndio uliokuwa dunia yake yote. Vizazi vimepita. Majina ya mahuru hao hayakuhifadhiwa kwa bidii ile ile iliyohifadhi majina ya mabwana, na aibu ya utumwa imewafanya wajukuu wao wenyewe wakae kimya, kwani nani anataka kusimama msikitini kutangaza kwamba babu yake alinunuliwa? Hivyo ukimya wa hati na ukimya wa aibu vimekutana, na haki za watu hao ndizo rahisi kuliko zote kupotea. Wazee wangu, mkifungua hati za zamani na mkakuta sharti la namna hii, msilipite. Watafuteni wenyewe kwa staha, nyumba kwa nyumba, bila kuwatia aibu mbele za watu. Hapa tu ndipo ninapokubali kwamba jina la mtu lisibandikwe ukutani. Sharti libandikwe, lakini jina lisitajwe bila idhini ya mwenyewe.

Nilipata kwenda katika ofisi moja kuuliza habari ya kiwanja kilicho karibu na kwetu, ambacho wazee husema ni wakfu wa chuo. Niliulizwa mimi ni nani katika ukoo wa mweka wakfu. Nilipojibu kwamba si wa ukoo huo, niliambiwa basi hainihusu. Sitaitaja ofisi hiyo, kwa sababu jibu lile ningeweza kulipata katika ofisi nyingi. Lakini nalikataa jibu lenyewe. Wakfu wa khairi hauna ukoo. Ukiwekwa kwa ajili ya chuo, unamhusu kila mzazi anayepeleka mtoto pale, na ukiwekwa kwa ajili ya kisima unamhusu kila mwenye ndoo. Wakfu wa dhurria, uliowekewa familia, nao una watu wake waliotajwa, na wao pia, wanawake kwa wanaume, wana haki ya kuona hesabu bila kumbembeleza kaka mkubwa.

Tena iko habari ya kubadilisha wakfu kwa wakfu, yaani istibdali. Sisi ni watu wa madhhabu ya Shafii, na katika madhhabu yetu mlango wa kuuza mali ya wakfu umebanwa kuliko kwa wengine. Mnaifundisha wenyewe ile kanuni ya mafakihi kwamba sharti la mweka wakfu ni kama nassi, yaani tamko la wazi, ya mwenye sheria. Sasa ninapomsikia mtu akitaja rai ya madhhabu nyingine siku ile tu ambayo mnunuzi amejitokeza, roho inakuwa nzito. Sikatai kwamba shamba linaweza kukauka, au kiwanja kikazungukwa na viwanda mpaka hakifai tena kwa madrasa. Yanatokea. Lakini badiliko la haki halihitaji haraka. Litangazwe misikitini, bei ya mthamini ibandikwe, kiwanja kitakachochukua nafasi kionyeshwe kabla cha kwanza hakijatoka mkononi, na anayepinga apewe muda wa kusema. Badiliko lisiloweza kustahimili tangazo la Ijumaa nne si istibdali. Ni mauzo.

Na asiseme mtu kwamba uwazi utaifanya mali isikue. Watu wa Hadhramaut, kule Yemen, waliofika Lamu na Mombasa, wakajenga misikiti na kuweka wakfu, walifika pia Singapore. Syed Omar Aljunied alijenga kule msikiti mwaka 1820, na ndugu zake wa asili hiyo waliweka mali nyingi wakfu. Leo mali za wakfu za Singapore zinasimamiwa na Majlis Ugama Islam Singapura, yaani baraza la Kiislamu la huko, na taarifa zake zinaonyesha wakfu gani umetoa nini na kwa nani. Waliweza hata kuukusanyia wakfu wa msikiti wa Bencoolen mtaji wa dola milioni 35 za huko kwa njia ya musharaka, yaani ubia wa mtaji, pakajengwa msikiti mpya pamoja na jengo la biashara la kuutunza, na ardhi haikuuzwa. Sheria za kule na mazingira yake si kama yetu, na sisemi tuige kila kitu. Nasema tu kwamba hakuna mwenye mtaji atakayeleta fedha zake kwenye kiwanja ambacho hata mipaka yake haijulikani.

Kwenu makamishna nina neno mahsusi. Sheria ya zamani ya makamishna wa wakfu, ya mwaka 1951, ilitungwa na wakoloni, na kwa miaka mingi ilikuwa rahisi kuitupia lawama zote. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Wakfu iliyotungwa na Bunge letu wenyewe, baada ya Waislamu kuidai kwa muda mrefu, nayo imeweka usajili kuwa kazi ya msingi. Basi tunataka kuona kazi hiyo mitaani. Mnajua pia kwamba ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, inapotaja kazi za mahakama za Kadhi, inataja hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Wakfu haukutajwa hapo kwa jina. Mwananchi mwenye malalamiko ya wakfu anaweza kuzungushwa baina ya ofisi na mahakama mpaka achoke na asamehe, na wakfu hauwezi kusamehewa na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Daftari lililo wazi lingeondoa nusu ya kesi hizi kabla hazijazaliwa, maana ugomvi mwingi ninaousikia hauanzi na sheria. Unaanza na swali la nani alisema nini, miaka 60 iliyopita, mbele ya nani.

Nisiwadhulumu mamutawalli wema. Wako, na ni wengi kuliko wabaya. Wako wazee wanaozunguka kukusanya kodi kwa miguu, risiti zikiwa kwenye mfuko wa kanzu, wasipewe hata nauli, na wakikosa kidogo wanaitwa wezi. Umar alimruhusu msimamizi ale kwa wema. Basi walipwe, kiasi kinachojulikana, kilichoandikwa kwenye daftari hilo hilo. Mzee aliyelipwa waziwazi anaweza kuulizwa waziwazi, na yeye mwenyewe anapata kinga dhidi ya fitina. Na pia msisubiri mzee afe ndipo watu waanze kutafuta hati chini ya godoro lake. Kila mutawalli awe na wa pili wake anayejifunza kazi akiwa hai. Sioni sababu wa pili huyo asiwe mwanamke. Mabibi wa pwani hii waliweka wakfu nyumba na mashamba yao kwa mikono yao wenyewe, na Hafsa alikabidhiwa Khaybar. Lakini ukiingia katika kikao cha kamati ya wakfu leo utahesabu kofia tu.

Sitaki mniambie kwamba kazi ni kubwa mno. Msianze na pwani nzima. Chagueni msikiti mmoja katika kila mji: mmoja Lamu, mmoja Malindi, mmoja Mombasa, mmoja Vanga. Mali zake zote ziandikwe kabla ya Ramadhani ijayo. Wazee wanaokumbuka wakalishwe barazani wakiwa bado wanakumbuka, wasikilizwe na kurekodiwa, na maneno yao yalinganishwe na hati. Mpima aonyeshe mipaka na mawe yatiwe. Hesabu ya mwaka isomwe baada ya sala ya Ijumaa kwa sauti ile ile inayotumika kutangaza mchango, kisha ibandikwe mlangoni na iachwe hapo, isibanduliwe kesho yake. Kwenye ukuta wa kila nyumba ya wakfu litiwe bamba lenye jina la mweka wakfu na sharti lake.

Fedha za kuanzia zisiwe kisingizio. Mitaani kwetu wamo vijana waliosomea upimaji ambao wanakaa bila kazi, wamo mawakili waliolelewa na madrasa hizi hizi, wamo walimu wa hesabu waliostaafu, na wamo wanafunzi wenye simu zinazopiga picha za hati vizuri. Nimezungumza na baadhi yao, na wako tayari kufanya kazi hii bila malipo kwa msikiti wa kwanza. Wanachohitaji ni barua ya ruhusa yenye sahihi ya mutawalli na muhuri wa kamisheni, kwa sababu bila barua hiyo wataulizwa kama nilivyoulizwa mimi, wao ni nani katika ukoo. Tunaiomba barua hiyo. Mkiitoa mwezi huu, kazi itaanza Jumamosi inayofuata.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.

Mkaazi wa Majengo, Mombasa